Mpiga Siwa Asiyekuwa na Kitu

Hapo zamani, wakati kila mji wa pwani ulikuwa na sultani wake na kila sultani akidhani yuko peke yake duniani, palikuwa na mji ukiitwa Vumani, na sultani wake akiitwa Mwinyihatibu. Sultani huyu hakuwa mkali, wala hakuwa mwema wa kutajwa. Alikuwa mtu wa kupenda sifa, basi. Ukimwambia kwamba jua limechomoza kwa ajili yake, alichungulia nje, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelisamehe kwa kuchelewa.

Katika jumba lake alikuwamo mtu jina lake Shekuwe, na kazi yake ilikuwa kupiga siwa. Siwa ile ilikuwa pembe kubwa ya ndovu, iliyochongwa ikachongeka, na katika miji ya zamani ndiyo iliyokuwa heshima ya ufalme wenyewe. Haikupigwa na kila mwenye mapafu. Huko Vumani ilipigwa Sultani akitoka kwenda kuswali Ijumaa, ikapigwa siku za Idi, na ikapigwa kila mtoto wa Sultani alipovuka kizingiti cha mlango mkubwa wa jumba, awe anatoka chuoni au anatoka kuchezea tope. Ndiyo desturi waliyoikuta. Mtoto wa Sultani akipita siwa isilie, mpigaji huvuliwa kilemba pale pale na kazi yake ikaishia hapo. Na siwa ikimlilia mtoto, mji wote husimama, na mtoto yule ni wa Sultani, hapana mtu wa kuuliza tena.

Kwa kazi hiyo Shekuwe alipewa mchele wa kula na wa kusaza, samli kwa mitungi, nguo za hariri na nyumba ya ghorofa. Alikuwa na mashavu mapana, naye alitembea mjini ameyajaza upepo hata asipokuwa anapuliza kitu.

Sasa, Shekuwe alikuwa ameoa mwanamke akiitwa Mwanatumu, msuka ukili wa mikeka, naye amemzalia watoto: Riziki, binti mkubwa, Mbwana, wa kati, na Nuru, ambaye alikuwa bado ananyonya. Ikawa siku moja Shekuwe akamwona msichana wa mtaa wa pili mwenye shingo ndefu, akamwacha Mwanatumu. Watu husema siku ya kumpa talaka alikuja amevaa joho na kujifukiza udi kama anayekwenda harusini, na kweli alikuwa anakwenda harusini, alikuwa amepitia tu.

Mwanatumu hakulilia kuachwa. Wako waliosema alilala usingizi mtamu, maana mpiga siwa hukoroma vile vile anavyopiga siwa. Lililomliza ni watoto. Mwezi wa kwanza baba yao alileta kapu la mchele. Mwezi wa pili akaleta nusu kapu. Wa tatu akaleta salamu. Na baada ya hapo hata salamu zikakatika, na mikeka ya Mwanatumu, asuke usiku asuke mchana, haikuwahi kushinda matumbo ya watoto.

Na huyu Mwanatumu mji mzima ulimjua kwa upumbavu, au kwa kitu kilichofanana na upumbavu. Akiambiwa neno alilishika kama lilivyo. Kulikuwa na Bi Sauda, mke wa tajiri wa nguo, aliyemwita siku moja amsafishie sebule, akamwambia, "Usugue sakafu mpaka nijione uso." Mwanatumu akafagia, akasugua, akaona sakafu ni sakafu. Basi akaenda kisimani, akateka maji, akajaza sinia la shaba, akaliweka katikati ya sebule, akaenda zake. Bi Sauda aliporudi alijiona uso, akaona pia kwamba nyusi zake hazilingani. Wengine wakasema yule mwanamke ni juha. Wengine wakaenda kumtazama Bi Sauda nyusi.

Basi shida ilipozidi, Mwanatumu alimwendea Shekuwe mlangoni pa jumba, akamkuta ameketi juu ya mto anafuta siwa kwa kitambaa laini.

"Baba Riziki," akamwambia, "watoto wanashindia uji wa muhogo. Na muhogo wenyewe wa kuombea."

Shekuwe akatazama mbinguni. "Mungu ndiye mwenye kulisha, Mama Riziki."

"Ndivyo," akasema Mwanatumu. "Na wewe ndiye mwenye kula?"

Walinzi wa mlango wakacheka, na Shekuwe, kwa kuchekwa, akawa mkali. "Nenda kashitaki," akanena. "Nenda kokote unakokujua. Mimi ni mtu wa jumba. Nani atanigusa?"

Mwanatumu, kwa kuwa ameambiwa aende akashitaki, akaenda akashitaki. Kadhi wa Vumani alikuwa mzee mwenye elimu nyingi na woga mwingi zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi kwa huruma.

"Sheria haina shaka, binti yangu," akasema. "Baba lazima awalishe wanawe. Angekuwa seremala, angetoa leo. Angekuwa muuza nazi, angetoa jana. Lakini huyu ni mtu wa jumba, na sheria ikifika kwenye mlango wa jumba huvua viatu, ikakaa barazani kungoja kukaribishwa."

"Imengoja tangu lini, Shehe?"

"Tangu enzi ya babu yangu," akajibu Kadhi, na akamwongezea dua.

Dua Mwanatumu aliipokea, akashukuru, lakini alipofika nyumbani alikuta mjumbe wa Bi Sauda amekaa kizingitini. Bi Sauda alikuwa amesikia taabu iliyomo ndani, akaona ni wakati mzuri wa kufanya wema usiomgharimu. Alimtaka Riziki aende akakae kwake, amkande miguu, amwoshee vyombo, alale jikoni, apewe chakula. "Mtoto wa watu atashiba," akasema mjumbe. "Na wewe utapunguziwa mdomo. Bi Sauda amesema atamtuma mtu kumchukua Jumamosi."

Mjumbe alipokwenda zake, Riziki, ambaye alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia, akatoka na mdogo wake kiunoni. Hakulia. Akauliza tu, "Mama, nikienda kwa Bi Sauda, Nuru atabebwa na nani?"

Mwanatumu alikuwa ameshika ukili wake. Mikono ikasimama. Siku ile hakusuka tena.

Asubuhi yake akajitanda buibui lake la viraka, akaenda moja kwa moja kwenye baraza ya Sultani, siku ya watu kusikilizwa, akapiga magoti mbele ya mawaziri na waungwana na wapita njia, akaeleza shida yake. Sultani akamwita Shekuwe.

"Ewe Shekuwe, mwanamke huyu ananena kwamba watoto wana njaa nawe huwapi kitu. Wasemaje?"

Shekuwe akajitupa chini, paji la uso likagonga sakafu. "Seyyidi yangu," akanena, "mimi nina nini cha kumpa mtu? Mimi ni vumbi la viatu vyako. Kilemba hiki ni chako, joho hili ni lako, wali ulio tumboni mwangu ni wako na bado haujatulia. Hata pumzi yangu naivuta kwa idhini yako. Nikichota kibaba cha mchele nikampa mwanamke huyu, si nitakuwa nimeiba mali ya Sultani?"

Maneno yale yalimwingia Sultani kama asali inavyoingia katika mkate wa moto. Akawageukia mawaziri. "Mmeusikia utii?" Mawaziri wakasema wameusikia. "Mmesikia vizuri?" Wakasema vizuri sana, na mmoja akafuta jicho lililokuwa kavu.

"Basi mwanamke," akasema Sultani, "jibu umelipata. Mtu huyu hana kitu. Vyote ulivyomwona navyo ni vyangu."

Mwanatumu akabaki pale pale juu ya magoti. "Seyyidi yangu, usinikasirikie, akili yangu ni nzito. Viatu vyake ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Na ile pete?"

"Yangu."

"Na lile godoro la pamba analolalia na mke wake mpya?"

"Langu," akasema Sultani, ingawa aliona watu wanatazamana.

"Na upele ulio mgongoni mwake, upande wa kushoto, ambao nimeukuna miaka na miaka?"

Baraza yote ikacheka. Lakini Sultani, ambaye hakutaka hata upele utoke katika milki yake, akainua kidevu akasema, "Hata upele."

"Kila kilicho chake, basi, ni cha Sultani. Hakikubaki hata kimoja?"

"Hata kimoja. Nami nitakufanyia haki, asije mtu akanena kwamba Mwinyihatibu hakumsikiliza mnyonge." Hapo Sultani alikuwa amekwisha kunogewa. "Niletee kitu kimoja tu kilicho cha Shekuwe na kisichokuwa changu. Ukikileta, itakuwa amesema uongo na ni mtu mwenye chake. Nami kwa ulimi wangu nitamlazimisha atoe masurufu ya watoto unayodai. Usipokileta, basi Ijumaa baada ya swala utaondoka Vumani, usimchafue tena mtumishi wangu. Umesikia?"

"Nimesikia, seyyidi yangu. Kila kilicho chake ni chako."

Akainuka, akaondoka, na nyuma yake akasikia kicheko cha Shekuwe, ambacho kilikuwa kirefu kama pembe anayoipuliza.

Nyumbani alikuwa akimngoja Kibibi, shoga yake na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari ikimwingia sikioni huwa imeshafika mdomoni. Kibibi alikwisha kusikia yote, usiulize alisikiaje.

"Shoga, umejimaliza," akaanza kabla hata Mwanatumu hajavua buibui. "Hukuona mtego ule? Hata ungeleta ukucha wake, Sultani angesema ukucha ni wangu. Ungeleta mate yake, angesema ni yangu. Sasa Ijumaa unatolewa mji na watoto mgongoni, na Riziki anatakiwa na yule mwanamke wa nyusi. Utafanyaje?"

Mwanatumu akaketi, akamchukua Nuru, akampa ziwa. "Nimekwenda kule kutafuta kitu cha Shekuwe," akasema polepole, "na Sultani ameniambia hakipo. Kila kilicho cha Shekuwe ni chake. Amesema mbele ya watu, na mimi nimemwuliza mara mbili nisije nikakosea."

"Ndiyo. Basi?"

"Basi hawa," akasema, akiwaonyesha kwa kidevu watoto watatu, "walikuwa wa Shekuwe."

Kibibi akamtazama Riziki. Akamtazama Mbwana, aliyekuwa amekalia kinu. Akamtazama yule anayenyonya. Kisha akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Nimekaa na mali ya Sultani ndani ya nyumba hii siku zote, Kibibi, nami sina habari," akaendelea Mwanatumu. "Nimeilisha muhogo. Nimeipiga makofi. Juzi huyu Mbwana nimempiga mwiko wa kichwa. Yafaa niirudishe kwa mwenyewe kabla sijafungwa."

Kibibi alicheka mpaka leso ikamvuka. Alipopata pumzi akauliza, "Na hili, shoga, nisimwambie mtu?"

"Usimwambie mtu," akasema Mwanatumu.

Alimjua shoga yake. Kabla ya alasiri wauza samaki walikuwa nalo neno hilo. Kabla ya magharibi lilikuwa limefika kwa wauza mafuta. Na kesho yake asubuhi lilipanda ngazi za jumba katika kapu la kijakazi aliyetumwa sokoni kununua ndimu, likaingia chumbani kwa Mwana Arafa, mke mkubwa wa Sultani. Ila njiani lilikuwa limenenepa kidogo, kama ilivyo ada ya habari. Lilipotoka kwa Kibibi lilisema kwamba Mwanatumu anapeleka watoto jumbani siku ya Ijumaa. Lilipomfikia Mwana Arafa lilisema kwamba Sultani ana watoto watatu kwa msuka ukili, na kwamba mpiga siwa alikuwa amewekwa pale kama pazia.

Mwana Arafa aliagiza kiti chake kipelekwe kwenye lile dirisha la mbao lenye vitundu, linalotazama mlango mkubwa, akasema Ijumaa atapenda kupata upepo.

Ijumaa ikafika. Mwanatumu aliwaogesha watoto, akawapaka mafuta ya nazi, akamsuka Riziki nywele mistari iliyonyooka kama ukili wa kuuza. Kibibi akaleta nguo za kuazima kutoka nyumba saba, na kila nyumba iliyotoa nguo ikaona ina haki ya kutoa na mtu wa kushuhudia. Kwa hiyo swala ilipokwisha, uwanja wa mbele ya jumba ulijaa watu ambao wote walikuwa wanapita tu.

Sultani alikuwa amerudi msikitini, ameketi katika kiti chake ndani ya ukumbi, mlango mkubwa u wazi. Shekuwe amesimama penye nguzo, siwa mkononi, na mashavu yake tayari. Akamwona Mwanatumu anapasua watu, watoto mbele yake, akatabasamu. Alidhani amekuja kuaga.

Riziki akafika mlangoni, Nuru kiunoni mwake, akainua mguu mmoja ili avuke.

"Ngoja, mwanangu," akasema Mwanatumu kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza tende wa mwisho. "Si adabu. Usivuke mpaka siwa ilie."

Mguu wa Riziki ukabaki hewani.

"Siwa ilie kwa nini?" akauliza Shekuwe.

"Baba Riziki," akasema Mwanatumu, kisha akajishika kinywa. "Nisamehe, si jina lako tena. Mpiga siwa, watoto wa Sultani wanataka kuingia kwao. Piga."

Uwanja ukanyamaza kimya. Sultani akasikia ule ukimya, akainuka, akaja mpaka mlangoni. "Kuna nini hapa? Umekuja na kile nilichokuagiza?"

Mwanatumu akapiga magoti. "Sikukipata, seyyidi yangu. Nilitafuta, nikaona ulisema kweli: Shekuwe hana kitu, kila kilicho chake ni chako. Nilipopekua nyumbani kwangu nikakuta na hawa. Nimekuletea wote, hapana niliyemficha. Huyu mkubwa anajua kupika. Huyu wa kati anakojoa kitandani, nakwambia mapema usije ukasema nimekuuzia kibovu. Nami naomba radhi, nimewalisha muhogo, sikujua kama ni watoto wa Sultani." Akamgusa Mbwana begani. "Mwamkie."

Mbwana, ambaye alikuwa amefundishwa tangu alfajiri kwa ahadi ya kipande cha halua, akamwendea Sultani, akainama, akasema kwa sauti safi, "Shikamoo, baba."

Wanawake wakavuta pumzi wote kwa pamoja. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni kweli," na mwingine akamjibu, "Mimi nilikuambia tangu jana, na masikio ni yake." Kisha kule juu, nyuma ya vitundu, kiti kikasogezwa, na sauti ya Mwana Arafa ikateremka, tulivu, na kila mume aliyekuwa pale akaitambua aina yake.

"Shekuwe, piga basi, tusikie. Watoto wanachomwa na jua."

Shekuwe akainua siwa. Akaiweka mdomoni. Mashavu yakajaa. Macho yakamwendea Sultani, na Sultani akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu aliyeguswa na nzi: usithubutu. Macho yakapanda dirishani, na dirisha lilikuwa linangoja. Akipiga, basi watoto wale ni wa Sultani mbele ya mji mzima, na ndani ya jumba kutawaka moto usiozimika. Asipopiga, Sultani amenena barazani kwamba kila kilicho chake ni cha Sultani, na mpiga siwa amemkadhibisha, na kilemba kimekwenda. Pumzi ikamkalia kifuani, ikakosa pa kutokea, mwishowe ikatoka kidogo kwenye pembe kwa sauti ambayo si ya ufalme. Watoto wa mtaani wakaipenda sana, wakaiiga mwezi mzima.

"Shekuwe," akasema Sultani, jasho likimtiririka chini ya kilemba, "weka chini hiyo siwa. Nijibu mbele ya watu hawa. Watoto hawa ni wa nani?"

Na mazoea ni kitu kibaya. Shekuwe, kwa woga, alijitupa chini kama alivyojitupa siku zote, akanena kama alivyonena siku zote, "Ni wako, seyyidi yangu."

Uwanja ukaguna. Kule juu kitu cha kaure kilianguka, au kilitupwa, na kikavunjika.

"Mtazame vizuri," akasema Sultani, na sauti ilikuwa imemkauka. "Mtazame huyu mvulana, ewe mpumbavu. Mtazame mashavu. Nakuuliza tena, nawe ufikiri kabla hujafungua kinywa. Ni wa nani?"

Shekuwe akainua kichwa. Mbwana alikuwa anamtazama, na kwa kuwa hakuwa ameona halua bado, alikuwa amevimbisha mashavu kwa hasira, mapana, kama mapera mawili. Mji mzima uliona.

"Ni wangu," akasema Shekuwe.

"Sikusikia," ikasema sauti ya juu.

"Ni wangu," akalia Shekuwe, "wallahi ni wangu, wa tumbo la huyu na damu yangu mimi, Riziki wangu, Mbwana wangu, na hata huyu mdogo ni wangu. Sultani hana sehemu humo hata kidogo."

Ndipo Mwanatumu alipoinuka, akajipangusa vumbi magotini.

"Seyyidi yangu," akasema, "uliniagiza kitu kimoja kilicho chake na kisichokuwa chako. Ametoa vitatu. Mimi sikuvileta, amevileta mwenyewe, nami nina mashahidi." Akageuka kuwatazama wale waliokuwa wanapita tu.

Sultani alijaribu njia ya mwisho. "Lakini mchele wake bado ni mchele wangu," akanena.

"Mimi sichagui, bwana wangu. Ukitoka kwako au ukitoka kwake, watoto watakula. Mwenye mchele na mwenye watoto wapo hapa wote wawili. Mkubaliane."

Sasa kule dirishani kukasikika kicheko. Kilianza kidogo, kwenye koo, kisha kikashindwa kujizuia, Mwana Arafa akacheka mpaka vijakazi wakacheka, na Sultani, aliposikia kwamba mkewe anacheka na havunji tena vyombo, moyo ulimshuka mahali pake, naye akacheka, akacheka zaidi kuliko jambo lenyewe lilivyochekesha, akashikilia nguzo. Mawaziri walipomwona anacheka wakakumbuka kwamba na wao walikuwa wanataka kucheka tangu zamani.

"Mshika ghala," akaita Sultani akifuta macho, "tangu leo posho ya Shekuwe ikitoka ghalani, haimfikii mkononi kabla ya sehemu ya watoto kutolewa. Mchele, samli, na nguo za Idi. Na sehemu hiyo ataibeba mwenyewe kichwani, kwa kupita sokoni, mpaka mlangoni kwa mama yao."

"Na ule mwezi wa salamu, na ile isiyokuwa na hata salamu?" ikauliza sauti ya juu, maana kijakazi wa ndimu alikuwa ameleta habari kamili.

"Na ile miezi pia," akasema Sultani haraka. "Na wewe, mwanamke, chukua mitungi miwili ya samli yangu mimi, na tafadhali usinielewe vibaya, ni zawadi."

Mbwana akapewa halua. Riziki, ambaye mguu ulikuwa umemchoka kwa kuinuliwa, akaushusha, na akaushusha upande wa nje. Bi Sauda alipotuma mtu Jumamosi, mtu wake alimkuta Riziki anapepeta mchele uani, mweupe na mwingi, na Shekuwe mpiga siwa anatoka mlangoni akijifuta jasho la kichwa, kapu tupu mkononi, mashavu yamenywea. Mtu wa Bi Sauda akarudi alikotoka.

Lakini habari haikukoma hapo. Jumatatu ile, wanawake waliokuwa wakipita karibu na jumba wakiwa na watoto waliosafishwa vizuri walizidi kuwa wengi, nao hawakusema kitu wala hawakudai kitu. Walipita tu, wakasimama kidogo mbele ya mlango mkubwa, kama wanaopumzika. Waziri wa mizigo akakumbuka nyumba ambayo hakuitia mguu tangu masika ya nyuma, akaenda na gunia begani mwake mwenyewe. Mkuu wa walinzi akaonekana anauliza bei ya viatu vya kitoto. Kadhi, walipomwuliza, akasema kwamba sheria haikuwa na shaka tangu awali.

Na ikawa kabla mwezi haujaandama, kupitia mlango mdogo wa nyuma ya jumba, ambako hutolewa taka na maganda, akatoka punda aliyepakiwa mchele, samli na vitambaa vya hariri, akaongozwa na mtu asiyeinua uso, akashuka naye mpaka nyumba moja ya mwisho ya mtaa wa chini. Humo alikuwa akikaa mama mmoja mpole na watoto wake wawili. Majirani walimsaidia kuteremsha mizigo. Wakawatazama watoto wale na masikio yao ya kisultani, wakatazamana, kisha wote wakatazama chini, na tangu siku hiyo punda hajakosa kuja.